Mabango ya haki za kiraia na akili mnemba: iache isome, usiiache ikisie

SWALI: Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kimoja huku Marekani. Tumepokea mabango yapatayo 400 ya harakati za haki za kiraia za Wamarekani Weusi, mengi ya miaka ya 1960. Yote yameshapigwa picha za kidijitali, lakini karibu yote hayana maelezo. Wakubwa wangu wanataka tutumie akili mnemba kuyaandikia maelezo kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, maana tuna wasomaji wengi wa Kiswahili, na baadhi yao hawaoni, hivyo wanatumia programu za kusoma skrini. Nikiijaribu, mara inatoa maelezo mazuri ajabu, mara inasema uongo mtupu. Nianzie wapi, na niiamini kiasi gani?

JIBU: Inawezekana, na kwa mabango 400 inafaa kabisa. Ila hicho unachokiita "maelezo" ni kazi tatu, na uongo mwingi unaouona unatokana na kuiagiza mashine izifanye zote kwa mkupuo mmoja. Kwanza kuna kunakili maandishi ya bango neno kwa neno. Kisha kuna kueleza kinachoonekana: watu, vitu, rangi, mpangilio, aina ya herufi. Mwisho kuna kusema bango ni la nani, la lini, la wapi na lilitumika kwa lipi. Kunakili mashine inakuweza vizuri ikisimamiwa. Kueleza inakuweza kiasi. Hiyo ya mwisho usiipe hata kidogo. Majibu yake yanatoka kwenye ushahidi: maandishi ya bango lenyewe, nyaraka za aliyeyatoa mabango, na katalogi za taasisi zenye nakala kama hiyo.

Wengi hudhani bango lisilojulikana ndilo litakaloisumbua mashine. Mimi naliogopa zaidi bango maarufu. Chukua lile la "I AM A MAN" la wazoa taka wa Memphis, waliogoma kuanzia tarehe 12 Februari 1968 baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa na mtambo wa lori la taka. Modeli, yaani programu za akili mnemba zenyewe, zimekutana na picha za mgomo ule mara nyingi mno. Ukiipa herufi nene nyeusi juu ya karatasi nyeupe, itakimbilia Memphis 1968 hata kama lako lilichapwa miaka ya karibuni kwa maandamano ya kumbukumbu, au ni nakala iliyonunuliwa duka la makumbusho. Itajaza neno lililofunikwa na mkunjo wa karatasi. Na huenda isitaje kwamba neno AM limepigiwa mstari chini, ilhali mstari huo ndio unaoonyesha mkazo uko wapi. Hapo mashine haisomi, inakumbuka. Karibu kila tahadhari nitakayokupa hapa shabaha yake ni kuilazimisha isome.

Tuanze na picha zenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika kabla hata ya kuanza. Bango la kawaida la Marekani la kubebwa mkononi lina ukubwa wa inchi 22 kwa 28. Likiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya pikseli 6,600 kwa 8,400. Ila modeli nyingi huipunguza picha kimyakimya kabla ya kuitazama. Tuseme upande mrefu unashushwa hadi pikseli 1,500. Picha yako imepungua mara 5.6. Kauli mbiu kubwa ya katikati haitadhurika, lakini maandishi ya chini kabisa yenye kimo cha milimita moja, ambayo kwenye skani yako yalikuwa na pikseli 12 hivi, sasa yana pikseli mbili. Hakuna kiumbe wala mashine inayoweza kusoma herufi ya pikseli mbili. Modeli haitakuambia kwamba haioni. Itaruka, au itabuni.

Na maandishi hayo madogo ndiyo dhahabu ya mkutubi. Huko chini ndiko lilipo jina la mpiga chapa, anwani ya ofisi ya chama, na mara nyingi lebo ndogo ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji, ambayo kwa kawaida hutaja mji na namba ya kiwanda kilichochapa. Kwa lebo hiyo unaweza kujua bango lilichapwa mji gani hata kama halisemi lolote jingine. Kwa hiyo kila bango litume mara mbili: kwanza zima, kisha vipande. Kata vipande vya pikseli 1,500 kwa 1,500 vinavyopandiana kwa asilimia 15, ili neno lisikatike katikati bila kuonekana zima kwenye kipande cha jirani. Bango zima la ukubwa huo litakupa vipande 35, ambavyo ni vingi bila sababu. Kata ukanda wa chini tu, ambao ni vipande vitano, pamoja na sehemu nyingine yoyote yenye maandishi madogo.

Kabla ya kutuma, ondoa kwenye picha kile kipimo cha rangi na rula ambavyo wapiga picha wa makumbusho huweka pembeni. Usipoviondoa, utasoma kwenye maelezo kwamba bango "limepambwa kwa safu ya miraba ya rangi mbalimbali". Geuza picha ikae wima. Nakala kuu za TIFF zibaki zilipo; tuma nakala za JPEG za ubora wa juu zilizobadilishwa kwenda mfumo wa rangi wa sRGB, maana faili za mifumo mingine zikifunguliwa vibaya rangi hufifia, na nyekundu ya damu ya mzee inaweza kutajwa kuwa kahawia.

Sasa kunakili. Duru ya kwanza iwe ya upofu: usiipe modeli kichwa cha katalogi, wala jina la mkusanyo, wala neno "haki za kiraia". Ukiitajia harakati, umeshaipa jibu. Weka kipimo cha temperecha, kinachoamua majibu yatabadilikabadilika kiasi gani, kwenye 0 kama programu yako inaruhusu, ili isichezecheze. Maagizo yawe mafupi na makali, kwa mfano:

"Nakili kila neno linaloonekana kwenye picha hii, juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Kata mistari pale inapokatika kwenye picha. Usisahihishe tahajia. Usibadilishe neno lolote hata kama leo linaudhi. Neno lililofichika au kufutika usilikamilishe, andika [haisomeki]. Taja neno lililopigiwa mstari, lililokozwa au lenye rangi tofauti. Usitaje mwaka, mahali wala jina ambalo halikuandikwa kwenye picha."

Ukiyaandika kwa Kiingereza ni sawa pia, na kwa modeli nyingine hufuatwa vizuri zaidi. Kila katazo hapo lina sababu. Modeli hupenda kusafisha. Bango lililoandikwa kwa mkono na mwanafunzi aliyekosea herufi moja litatoka limesahihishwa, na umepoteza alama ya mkono wake. Bango la 1963 linalosema "Negro" linaweza kutoka likisema "Black", kwa nia njema, na kuanzia hapo nakala yako ni ya uongo: mtafiti anayetafuta jinsi vyama vilivyobadilisha lugha yake kati ya 1963 na 1968 atapotoshwa na katalogi yako. Neno la zamani hubaki kwenye nakala ya maandishi. Kwenye maelezo yako wewe, tumia lugha ya leo.

Endesha duru hiyo mara mbili, ikiwezekana kwa modeli mbili tofauti, kisha linganisha. Zinapotofautiana, mtu atazame. Tahadhari: kukubaliana si uthibitisho, kwa sababu modeli zote mbili zinaweza kukumbuka bango lilelile maarufu. Ndiyo maana napendekeza sauti ya tatu isiyokumbuka kitu, yaani programu ya kawaida ya kusoma herufi kama Tesseract. Kwa mabango iwekee hali namba 11, ya maandishi yaliyotawanyika. Itashindwa kwenye herufi za mkono na zilizopinda, lakini ikishindwa hutoa takataka inayoonekana wazi kuwa ni takataka, si sentensi nzuri ya kubuni.

Kwenye Tesseract washa Kiingereza na Kiswahili kwa pamoja. Hili si la mapambo. Tangu Kwanzaa, sherehe ya Wamarekani Weusi, ilipoanzishwa na Maulana Karenga mwaka 1966, maneno kama umoja, ujima, ujamaa na kujichagulia yalienea kwenye machapisho ya Weusi wa Marekani, na "Uhuru" lilikuwa limeshavuka bahari kabla ya hapo; Oginga Odinga alipofika Atlanta Desemba 1963, vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi wa haki za kiraia, walikwenda kumlaki. Programu inayotarajia Kiingereza peke yake italikatakata "kujichagulia" isivyotamkika. Wewe una bahati: utaliona kosa hilo papo hapo, jambo ambalo mhakiki asiyejua Kiswahili hawezi.

Majedwali yana balaa lake. Lipo tangazo la FBI, shirika la upelelezi la Marekani, la tarehe 29 Juni 1964 la kuwatafuta vijana watatu wa haki za kiraia, Andrew Goodman, James Chaney na Michael Schwerner. Picha za nyuso zao zimepangwa sambamba, na chini yake kuna safu tatu za sifa: rangi, umri, kimo, uzito, nywele, macho. Ikisomwa kwa mistari mirefu, kimo cha mmoja humwangukia mwingine. Kata kila safu peke yake, uitume peke yake, pamoja na jina la mwenye safu likionekana juu.

Tangazo hilohilo linaonyesha mtego wa majina ya mahali. Linasema vijana hao walitoweka Philadelphia. Ni Philadelphia ya Mississippi, mji mdogo wa kaunti ya Neshoba, si jiji la Pennsylvania. Bango limeandika Mississippi waziwazi, lakini ukiomba muhtasari au orodha ya maneno ya kutafutia, jimbo linaweza kudondoka njiani na jiji kubwa likaingia. Vivyo hivyo picha iliyopigwa na Danny Lyon mwaka 1962, ya John Lewis na wenzake wakipiga magoti kuomba nje ya bwawa la kuogelea lililowabagua Weusi, ambayo SNCC iliigeuza bango lenye maneno "Come let us build a new world together". Ilipigwa Cairo, jimbo la Illinois. Ukiamuru katalogi yako itiwe Kiswahili bila ulinzi, usishangae kukuta vijana hao wamehamishiwa Kairo, Misri. Georgia nayo inaweza kuwa nchi badala ya jimbo. Dawa ni kuandika mahali kwenye sehemu yake maalumu kwa ngazi tatu, yaani mji, kaunti na jimbo, kisha kuizuia mashine isiiguse sehemu hiyo inapotafsiri.

Kwenye kueleza kinachoonekana, agiza kwanza upande: "kushoto na kulia ni kwa mtazamaji". Bila hilo modeli huyumba kati ya mkono wa anayeonekana na upande wa picha. Bango la 1967 la Huey Newton, kiongozi wa chama cha Weusi cha Black Panther Party, linapima hili vizuri: amekaa kwenye kiti cha henzirani chenye mgongo mpana, bunduki mkono wake wa kulia, mkuki mkono wake wa kushoto. Kwa mtazamaji bunduki iko kushoto. Na hapohapo itakujaribu kwa tafsiri: itasema "kiti cha enzi", "kama mfalme wa Kiafrika". Mtazamaji anaweza kulifikiri hilo, na huenda waliolitengeneza walilikusudia, lakini asiyeona anahitaji kwanza kuambiwa kiti, bunduki na mkuki, ili naye afikiri mwenyewe. Ongeza katazo jingine kwenye maagizo: hakuna "kwa nguvu", "kwa hisia", "bango la kuvutia linaloashiria mapambano". Maneno ya namna hiyo hujaza nafasi na hayamwambii mtu lolote.

Kuhusu watu, msimamo wangu ni mkali: hakuna jina linaloandikwa kwa kutambua sura. Modeli nyingi za biashara hukataa zenyewe, na zile zisizokataa hukisia, na kisio lao huelekea kwa wachache wanaojulikana. Mwanamume Mweusi aliyevaa suti mbele ya vipaza sauti ana hatari ya kuitwa Martin Luther King, awe kwa kweli ni Bayard Rustin, A. Philip Randolph au mchungaji wa kijijini ambaye hakuna kitabu kilichomtaja. Jina liandikwe likiwa limechapwa kwenye bango au limethibitishwa na rekodi ya kuaminika. Vinginevyo andika "mwanamume mwenye miwani", basi.

Rangi ya ngozi na asili ya watu itajwe kwa haki. Kwenye mabango haya mara nyingi ndiyo maana yenyewe ya picha, kwa hiyo kuificha ni kumnyima msomaji. Kosa la kawaida la mashine ni kusema "mwanamke Mweusi" kwa mmoja na "mwanamume" tu kwa Mzungu aliye kando yake, kana kwamba Mzungu ndiye mtu wa kawaida. Ama wote, ama usimtaje yeyote. Na pale picha ni ya rangi nyeusi na nyeupe zilizokozwa mno, usiiruhusu ikisie asili ya mtu kutokana na wino.

Bendera na alama zichunguzwe kwa jicho lako. Nyekundu juu, nyeusi katikati, kijani chini, bila kitu kingine, ni bendera iliyopitishwa na chama cha Marcus Garvey mwaka 1920. Bendera ya Kenya ina nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, mistari myembamba nyeupe, ngao na mikuki. Mashine inaweza kuzichanganya kwa wepesi. Chui mweusi naye si lazima awe wa Black Panther Party ya Oakland, California. Chama cha Lowndes County Freedom Organization cha Alabama kilimtumia kwanza, katika jimbo ambako vyama vilitambulishwa kwa alama ili wasiojua kusoma waweze kupiga kura. Chama cha Democratic cha huko kilikuwa na jogoo mweupe. Black Panther Party ya Huey Newton na Bobby Seale ilianzishwa Oktoba 1966, na chui ikamchukua kutoka Lowndes. Kwa hiyo mashine iandike "chui mweusi anayeruka" na kuishia hapo. Ya Lowndes au ya Oakland utaamua wewe kwa maandishi yaliyo chini yake.

Tarehe nazo zina vidokezo vizuri kuliko kisio la "miaka ya 1960". Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano haiwezi kuwa ya kabla ya Julai 1963, kwa sababu ndipo mfumo huo ulipoanza. Anwani ya mtindo wa "New York 11, N.Y." ni ya mfumo wa zamani, lakini usiifanye ukuta: watu waliendelea kuutumia baada ya 1963. Siku ya wiki inasaidia sana. Bango linalosema Jumatano, Agosti 28, bila mwaka, laweza kuwa la 1957, 1963 au 1968. Likitaja Washington, ajira na uhuru, umeshafika kwenye maandamano makubwa ya 1963. Hesabu hiyo ya kalenda fanya kwa programu ya majedwali, usimwulize mpiga soga wa mashine. Majina ya vyama pia hufunga mipaka: SNCC ilizaliwa Aprili 1960, SCLC, chama cha akina Martin Luther King, 1957, na CORE, chama kingine cha haki za kiraia, 1942.

Kuna kundi moja la mabango ambalo naomba ulitenge mapema, nalo ni la wapinzani wa harakati. Mikusanyo mingi inayo. Maarufu ni lile lililotundikwa kando ya barabara za Kusini likimwonyesha King akiwa ameketi mkutanoni, likidai kwamba alikuwa kwenye shule ya mafunzo ya Ukomunisti. Picha ni ya kweli: ilipigwa mwaka 1957 Highlander Folk School, Tennessee, shule iliyofundisha viongozi wa wafanyakazi na wa haki za kiraia, Weusi kwa Wazungu pamoja. Dai ndilo la uongo. Mashine inayonakili maandishi na kuyageuza maelezo itaandika "King akiwa kwenye shule ya Kikomunisti", na programu ya kusoma skrini itamsomea msomaji kashfa hiyo kama habari ya maktaba yako. Agizo kwa kundi hili: kila dai lianze na "bango linadai kwamba", na rekodi itaje nani alilichapa endapo anajulikana. Kwenye kundi hilo na kwenye picha za watu walioteswa au kuuawa, modeli inaweza pia kukataa kujibu kwa sababu ya vichujio vyake. Usihangaike kuihadaa. Weka alama ya "imekataa" kwenye jedwali lako, na mtu aandike mwenyewe. Nafasi isiachwe tupu, maana mabango hayo ndiyo yanayohitaji maneno yaliyopimwa zaidi.

Tuje kwenye Kiswahili. Mpango wangu ni huu: nakala ya maandishi ibaki kwa lugha ya bango, maana yake iwekwe kando kwa Kiswahili, na maelezo ya Kiswahili yatokane na rekodi ya Kiingereza ambayo mtu ameshaihakiki, si kutoka kwenye picha moja kwa moja. Ukiiachia mashine picha na Kiswahili kwa pamoja, utashughulika na makosa ya macho na makosa ya lugha kwa wakati mmoja, na hutajua lipi ni lipi. Iandalie orodha ya istilahi za kufuata: harakati za haki za kiraia, ubaguzi wa rangi, kuandikisha wapiga kura, mgomo wa kuketi. Bila orodha, mgomo wa kuketi ("sit-in") utakuwa "kukaa ndani", watu weusi watageuka "watu nyeusi", na maandamano ya Washington ("March on Washington") yanaweza kuwa mwezi wa Machi.

Kwa wasioona, andika vitu viwili. Maandishi mbadala, yaani yale ambayo programu ya kusoma skrini huyasoma badala ya picha, ya sentensi moja au mbili, na maelezo marefu ya maneno 100 hadi 200 kwenye ukurasa wenyewe. Kwa tangazo la FBI nililolitaja, maandishi mbadala yangekuwa hivi: "Tangazo la FBI la Juni 1964 la kutafuta watu waliopotea. Picha za nyuso za vijana watatu zimepangwa sambamba: Andrew Goodman, James Chaney na Michael Schwerner, chini yake kuna jedwali la sifa zao." Kwamba walikuwa wameshauawa usiku ule waliotoweka, na miili yao ikapatikana tarehe 4 Agosti ndani ya boma la udongo la bwawa, hilo liende kwenye sehemu ya historia. Tangazo lenyewe halikuwa na habari hiyo, na anayelisikia ana haki ya kulipokea kama lilivyobandikwa siku zile.

Kuna ufundi mdogo hapa unaosahauliwa. Maandishi mbadala huwa na lugha moja tu. Huwezi kutia alama ya Kiingereza ndani ya sentensi ya Kiswahili. Ukichanganya, sauti ya Kiswahili, kwa mfano ile ya eSpeak inayokuja na NVDA, programu ya kusoma skrini, itazisoma "jobs" na "freedom" kwa matamshi ya Kiswahili, na msikilizaji hataelewa. Kwa hiyo kwenye maandishi mbadala weka maana kwa Kiswahili, na maneno ya asili ya bango yaweke kwenye aya yake ukurasani, iliyowekewa alama ya lugha "en", huku ukurasa wote ukiwa "sw".

Kuhusu kuiamini kiasi gani, pima kabla ya kuanza. Chagua mabango 30: kumi maarufu, kumi yasiyojulikana, kumi magumu yenye herufi za mkono, mikunjo au jedwali. Yanakili wewe kwa mkono. Kisha linganisha na mashine: hesabu herufi zilizokosewa, zilizorukwa na zilizoongezwa, gawanya kwa jumla ya herufi za nakala yako ya mkono, zidisha kwa 100. Kwa herufi kubwa za chapa mimi sikubali zaidi ya asilimia 1. Kwa herufi za mkono kubali zaidi, maana hata mtu hukosea. Lakini hesabu peke yake herufi zilizobuniwa, yaani maneno ambayo hayapo kabisa kwenye bango. Hizo kiwango chake ni sifuri. Ikibuni hata mara moja kwenye 30, rudi kwenye maagizo na vipande vya picha kabla ya kugusa 400. Na hata ikifaulu, nakala zote 400 zisomwe na mtu huku bango liko mbele yake. Mashine imekuondolea kuandika, kusoma bado ni kwako.

Mawili ya kiofisi. Vipeperushi vya mikutano mara nyingi vina namba za simu na anwani za nyumbani za watu binafsi ambao huenda wangali hai. Zitenge kabla nakala haijawekwa hadharani. Na kabla ya kupakia picha kwenye huduma ya kampuni yoyote, zima ruhusa ya kuzitumia kufundishia modeli, na usome mkataba wa aliyeyatoa mabango. Mabango mengi ya Marekani yaliyochapishwa kabla ya 1978 bila tangazo la hakimiliki hayana ulinzi tena, ila picha ya mpiga picha iliyotumika ndani yake inaweza kuwa na hakimiliki yake.

Kwenye kila rekodi ongeza sehemu ya mwisho: jina la modeli na toleo lake, tarehe, maagizo yaliyotumika, na nani alihakiki. Jibu ghafi la mashine lihifadhi kwenye faili tofauti, bila kuligusa. Modeli hubadilishwa bila taarifa, na swali lilelile mwakani litapata jibu jingine. Mhakiki atakayekuja baada yako akikuta neno lenye shaka, ataweza kuona kama lilitoka kwenye bango, kwa mashine au kwako.